Kabla Hujakwenda Moshi

Mwanangu, nasikia jina lako limetoka, unakwenda Moshi kusomea upolisi. Najua una haraka. Kaa kwanza, unywe chai.

Umezaliwa hapa Nyamisangura, unajua tunavyosemwa. Mkurya mkali, Mkurya na panga. Askari anayehamishiwa Kanda Maalumu ya Tarime na Rorya huja na maneno hayo kichwani kabla hajamsalimia mtu. Kule Nyamongo, tarehe 16 Mei 2011, watu watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini. Kijana akishahesabiwa mwizi kabla ya kuulizwa, mwanangu, risasi huwa karibu.

Na sisi wazee tulikosea. Binti alipokimbia kukeketwa tulimwona mkaidi. Askari wengi walituunga mkono: hayo ni mambo ya mila, kayamalizeni nyumbani. Na sheria ilikuwepo, tangu 1998, inayokataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Askari aliyeishika mkononi hakuwa amefundishwa kusikiliza. Siku hizi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na tofauti nimeiona. Mtoto akiulizwa kwanza kama amekula, atasimulia. Atalia, atanyamaza, atarudia alikoanzia. Mngoje. Usimmalizie sentensi.

Wenzetu Wakenya, ng'ambo ya Sirari, wameliandika jambo hili kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 244: polisi wafunzwe kuheshimu haki na utu wa watu. Kwetu, Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mwaka 2023 Jeshi la Polisi liwe Huduma ya Polisi. Mimi natamani sheria iende mbele zaidi, imlazimishe kila askari, mwenye nyota na asiye nayo, kurudi darasani mara kwa mara kujifunza kutambua chuki na upendeleo alivyovibeba bila kujua. Isiwe hiari. Anayelihitaji sana somo hilo ndiye asiyeliomba.

Nawe umebeba vyako. Umekua ukitusikia tunavyowasema Wajaluo, tunavyowasema wafugaji wanaopita na ng'ombe. Tulisema mbele yako, ukiwa mdogo, wala hatukukuonea haya. Kesho watakupangia kituo mbali, kwa watu usiowajua. Ukifika, kabla ya kuuliza nani msumbufu katika kata ile, nenda sokoni bila sare, ununue ndizi, usikilize wanavyosalimiana.