Kikianguka, Kitamwangukia Nani?



Je, kuficha kitu ni sawa na kusema uongo? Swali hili ni la zamani katika ndoa. Safari hii limeletwa na chombo cha kuonyeshea sinema.

Bwana mmoja alinunua projekta kubwa ya kilo 18, ili Jumamosi jioni familia yake itazame filamu pamoja ukutani, badala ya kila mtoto kujikunyata pembeni na simu. Nia ilikuwa njema. Mkewe alifurahi, ila alisema hataki sanduku lile jeusi lining'inie sebuleni kama mzinga wa nyuki. Basi fundi akaitwa. Akakata dari ya jipsamu, akaipandisha projekta humo ndani, akaifunika kwa ubao uliopakwa rangi ile ile ya dari. Kikabaki kidirisha cha kupitishia mwanga tu. Wageni waliingia na kutoka bila kujua kuna nini juu yao. Mama akaisifu kazi.

Baada ya wiki chache mama akaona jambo. Mumewe haketi tena kwenye kochi la katikati. Na kila kitindamimba anapokaa pale, baba humwita: "Njoo huku kwangu." Mama akauliza kulikoni. Akajibiwa, "Hakuna kitu." Alipouliza mara ya pili ndipo alipoambiwa ukweli. Fundi hakuifikia kenchi ya paa. Alikuwa ameifunga projekta kwenye vijiti vyembamba vya mbao vinavyoshikilia jipsamu, na alimweleza baba siku ile ile. Baba alinyamaza kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha, na dari ilipendeza.

Wapendwa, hebu tutazame vizuri. Hapa pamefichwa vitu viwili, wala havifanani. Kwanza imefichwa mashine. Hilo si kosa hata kidogo. Sisi sote huficha nyaya za stima na mabomba ndani ya ukuta, na hakuna anayetuita waongo. Mama alijua projekta iko wapi. Ni macho tu yaliyopumzishwa. Pili imefichwa hatari, nayo imefichwa wale wale wanaoketi chini yake. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Bwana huyo angeweza kujitetea: "Mbona sikusema uongo mpaka nilipoulizwa?" Lakini mtu husema bila kufungua kinywa. Ubao ule uliopakwa rangi ulisema kwa niaba yake kila jioni kwamba mahali hapo ni salama. Naye mwenyewe hakuusadiki, ndiyo maana alihama kochi. Ukiona unakwepa mahali ambapo unawaacha wenzako wakae, jua kwamba dhamiri yako imekwisha kutoa hukumu.

Pengine angesema: "Sikutaka kumtia mke wangu wasiwasi." Maneno haya tumeyasikia mara nyingi. Lakini wasiwasi huondolewa kwa kuondoa hatari. Ukiondoa habari na kuiacha hatari pale pale, hukumpunguzia mwenzako mzigo wowote. Umemnyima nafasi ya kujikinga na ya kukusaidia.

Tukiitazama kazi yenyewe, inatufundisha. Zipo projekta ndogo zisizofika kilo 3, na zipo za nyumbani zinazopita kilo 20. Zile za miaka ya 1990 zenye macho matatu zilipita hata kilo 50. Jipsamu haikutengenezwa kubeba mizigo hiyo. Njia ya haki ni kulaza boriti juu ya kenchi mbili, au kushika zege kama nyumba ni ya ghorofa, kisha kufunga kwa bolti kishikio chenye uwezo wa kubeba mara kadhaa ya uzito huo. Juu ya hayo, fundi mwangalifu huongeza waya wa chuma wa akiba, ulioshikwa mahali pengine, ili bolti zikiachia mashine isifike chini.

La pili ni hewa. Taa yake ikila wati 300, karibu zote huishia kuwa joto. Ukiifungia sandukuni bila tundu la kuingiza hewa baridi na lingine la kutoa hewa moto, itajizima yenyewe au taa itakufa mapema. Na stima ikikatika ghafla, feni husimama huku taa ingali moto. Kwa hiyo betri ya akiba ni ya lazima. La tatu ni mlango. Vumbi litasafishwa, na taa itabadilishwa baada ya saa elfu kadhaa. Ubao uliopigiliwa misumari ni kosa. Weka bawaba.

Na mambo mengine je? Mkopo wa sacco, ugonjwa, shamba lililowekwa rehani? Sisemi kwamba mume na mke waambiane kila kitu. Siri ya rafiki aliyekuamini si mali ya nyumba yako, na zawadi ya kushtukiza ina utamu wake. Jiulize neno moja tu: kitu hiki nilichokificha kikianguka, kitamwangukia nani? Siri ya rafiki haitamwangukia mkeo. Mkopo usiolipwa utamwangukia, tena akiwa amelala usingizi. Kama kichwa kitakachopigwa ni cha mwenzako, ana haki ya kujua leo. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini katika ndoa, mara nyingi anayeumbuliwa ni yule ambaye hakuficha chochote.

Nanyi akina mama, na nyinyi akina baba wapenda sifa, nyumba ambayo ni lazima ipendeze kila siku humfundisha mtu kuficha. Yule mama alikiri kwamba mumewe aliogopa uso wake kuliko alivyoiogopa dari. Mwenzako akikuletea habari mbaya, usimfanye ajute kwamba amesema.

Wiki ile ile projekta iliteremshwa, ikawekwa juu ya meza kuukuu nyuma ya makochi, mpaka fedha za fundi zitakapopatikana. Haipendezi, na kila mgeni huiuliza. Lakini Jumamosi baba ameketi tena kochi la katikati, na kitindamimba yuko magotini pake.

Basi leo usiku, watoto wakishalala, mwambie mwenzako jambo moja unalolijua wewe peke yako, ambalo likianguka litamwangukia yeye.