Bibi harusi wa Matungu, bwana harusi wa Nairobi

Kila Desemba magari ya kifahari huingia Kakamega kutoka Nairobi yakileta posa. Wanaoshuka wamevaa suti, na wengine hudhani wamekuja kwa watu wa mashambani tu. Wakifika Matungu au Mumias, kwenye koo za kifalme za Wanga, huwakuta wazee wasiojiona wadogo hata kidogo. Wana sababu. Nairobi ilipoanza kama kituo cha reli mwaka 1899, Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, alikuwa tayari kwenye kiti chake, na misafara ya pwani ilishazoea kupumzika kwake. Mwaka 1920 wakoloni walihamisha makao yao kutoka Mumias hadi Kakamega mjini, na mwaka 1949 Mumia akafariki, lakini fahari ya nyumba ile haikuzikwa naye.

Basi mahari huwa mtihani. Wa mjini huona kiburi katika idadi ya ng'ombe. Wa nyumbani huona dharau katika haraka ya wageni. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema mahari kidogo ya ishara yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Wazee hawakatai, ila hawapendi kuulizwa bei. Wanataka wasalimiwe, wale kuku na mgeni, watajiwe babu zake. Hapo wana haki. Wanakosea wanapomwacha binti jikoni siku nzima huku mvutano ukipanda, ilhali yeye ndiye aliyempenda kijana huyo. Aitwe barazani, aulizwe, kabla ng'ombe wa kwanza hajatajwa.