Mwenye Kuhesabu Aonyeshe Njia

Mwanafunzi akileta jibu sahihi la hesabu bila kuonyesha njia, mwalimu humnyima baadhi ya alama. Si kwamba twamshuku wizi. Twataka mwenzake aweze kuifuata njia ile ile naye afike. Je, yafaa tumdai mtoto jambo ambalo mtaalamu hadaiwi?

Swali hili latuhusu, kwani siku hizi lugha yetu nayo huhesabiwa kwa kompyuta. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, Profesa Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kutunga programu ya kuchanganua Kiswahili. Mkusanyo wa matini uliotolewa huko mwaka 2016 una maneno yapatayo milioni 25. Lakini neno ni nini? Anasoma, atasoma na wamesoma ni maneno matatu, au ni kitenzi kimoja? Tena, katika miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, herufi moja ya be yaweza kusomwa b, p au mb. Wahesabuji wawili waaminifu waweza kupata majibu mawili katika utenzi mmoja, wala hatutajua sababu mpaka kila mmoja aweke wazi matini aliyotumia, kanuni alizofuata na programu aliyoiendesha.

Sisi wenyewe tuna hatia. Miaka iliyopita tulihesabu pamoja na wanafunzi vitenzi vya magazetini, tukapata orodha nzuri ya kufundishia. Mwenzetu alipotuuliza "kuwa na" tuliihesabuje, hatukuwa na la kujibu; karatasi za kazi tulikwisha zitupa. Orodha ilibaki, lakini hapakuwa na wa kuitegemea.

Wako wasemao: nikifunua njia yangu, wengine watavuna jasho langu. Hofu hiyo si ya kubezwa. Atumiaye kazi ya mwenzake bila kumtaja amemdhulumu. Hata hivyo, mficha uchi hazai. Elimu isiyoweza kurudiwa na mwingine hufa pamoja na mwenyewe. Mpaka uko mmoja: siri za watu waliotusimulia maisha yao si mali yetu kuzitangaza. Tunachodaiwa kufunua ni njia yetu, pamoja na makosa yake.

Basi, ndugu walimu, tuyatunze madaftari yetu ya kazi na kuyafungua yanapoombwa. Atakayeona kosa letu na kulisahihisha si adui. Huyo ndiye atakayeiendeleza kazi.