Mpenda Mchezo na Mfunza Mchezo

Husemwa kwamba mtu aliyeupenda mchezo tangu utoto, akaucheza ujanani mpaka nguvu zikampungua, hana mwisho mwema kuliko kuwafundisha wengine. Maneno haya yana mvuto, na jioni yoyote katika viwanja vya vumbi vya Dodoma twaweza kuiona dalili yake: mtu mzima amesimama kando ya mstari, filimbi shingoni, akiwaita vijana kwa majina, na mguu wake ukitaka kuinuka kila mpira upitapo karibu. Mapenzi yake hayana shaka. Lakini je, mapenzi hayo peke yake humpa haki ya kuwa mwalimu wa watoto wa watu? Mimi naona hayampi. Mapenzi ya mchezo humfikisha mtu mlangoni pa ualimu. Ili aingie ndani, hana budi kukiacha nje kitu alichokipenda kuliko vyote, nacho ni ushindi wake mwenyewe.

Yafaa tuanze na lugha, maana lugha ni ghala ya mawazo ya watu. Neno kocha tumelipokea kutoka Kiingereza, nalo limekaa vema kinywani. Hata hivyo, wachezaji wa Tanzania, hasa wa kandanda, hupenda kumwita kocha wao mwalimu, wala hawakosei. Kitenzi funda, pamoja na ndugu zake funza na fundisha, kimetupa mwanafunzi, mafunzo na mkufunzi. Kungwi humfunda mwari, si ili kungwi apate kuolewa upya, bali ili mwari ajue kusimama katika nyumba yake. Hapo ndipo palipo tofauti ya kucheza na kufunza. Mchezaji hutenda kwa mwili wake na hupata kwa jina lake. Mfunzaji hutenda kwa mwili wa mwingine, na kipatikanacho si chake. Basi, kupita kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili si kuendelea na njia ile ile, ni kugeuka.

Kugeuka huko kuna mfano karibu nasi, hapa hapa katika uwanda wa kati. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957, akawa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na katika miaka ya 1980 akahesabiwa miongoni mwa wakimbiaji wakubwa wa marathoni duniani. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1982, mjini Brisbane, Robert de Castella wa Australia alimshinda kwa sekunde 12 tu. Huko Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Na katika mwaka wa kwanza wa hiyo mitatu, Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde moja baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 42. Mwaka 1989 alishinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao hapakuwa na mtu aliyekwisha kuufikia katika njia ile. Hunasibishwa kwake wazo kwamba nia ya kushinda haina thamani pasipo nia ya kujiandaa.

Mtu aliyekosa taji kwa sekunde moja ana elimu ambayo haipatikani vitabuni. Anajua kwamba sekunde ile haikupotea siku ya mashindano peke yake. Huenda ilipotea asubuhi moja ya baridi, miezi mingi nyuma, katika zoezi ambalo hakuna aliyelishuhudia. Lakini elimu hiyo yaweza kushika njia mbili. Yaweza kumfanya mtu aitafute sekunde yake iliyopotea katika miguu ya kijana mwingine, kama mdai afuataye deni kwa mtu asiyekopa. Au yaweza kumfanya aigawe bila kudai kitu. Mwaka 2017, yalipoanzishwa Dar es Salaam mashindano ya riadha ya wanawake yaitwayo Ladies First, kwa ushirikiano wa Baraza la Michezo la Taifa na shirika la Japani la JICA, Ikangaa alikuwa mmoja wa waliosimama mbele kuyahimiza. Huo si ufundishaji wa kila siku; hata hivyo moyo wake ni ule ule utakiwao kwa mwalimu. Katika mbio za wasichana hapana mshindi ambaye yeye angaliweza kuwa. Aliutumikia ushindi ambao kwa maumbile usingekuwa wake.

Huenda msomaji akasema kwamba, kama ndivyo, basi aliyecheza sana ndiye afaaye kufundisha, kwa kuwa ana mengi ya kugawa. Jirani zetu wa Kenya wana jambo la kutuzuia tusikate hukumu upesi. Mwaka 1976 Colm O'Connell, bruda Mkatoliki kutoka Ireland, alifika shule ya St Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa bingwa wa mbio wala hakuwa na mafunzo ya ukocha. Alianza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake yumo Peter Rono, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na kuweka rekodi ya dunia. Kwa mtu huyu wanafunzi walitangulia na mchezo ukafuata. Basi uzoefu wa uwanjani ni mali njema, lakini si shina la ualimu. Shina ni kumtazama mtoto aliye mbele yako mpaka umwone yeye, usijione mwenyewe.

Kama hili ni jambo dogo, na tutazame hasara yake linapokosekana. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana walio chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imekwisha kufuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Sina haja ya kumtafuta mkosaji. Nataka tuwafikirie vijana ambao umri wao ulikuwa halali, waliofanya yote waliyoamriwa, kisha wakabaki nyumbani. Tena tumfikirie mwingine asiyejulikana, ambaye nafasi yake hupotea kila mara umri wa kikosi cha watoto unapopindwa. Kijana hawi na miaka kumi na sita mara mbili. Pale wakubwa wanapoupenda ushindi kuliko watoto, anayelipa ni mtoto: hulipa kwa goti lililolazimishwa kukimbia likiwa limeumia, kwa dawa asiyoijua jina, au kwa kimya cha msichana anayemwogopa mtu mwenye orodha ya kikosi mkononi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema kweli kuhusu wakati. Lakini mtoto si samaki, na akunjaye yampasa kujua anamkunja kwa faida ya nani.

Wako watakaopinga wakisema kwamba mwalimu asiyetaka kushinda ni mvivu aliyejipatia udhuru. Nakubali. Mkulima wa zabibu hapa Dodoma hupogoa matawi ya mzabibu baada ya mavuno ili upate kuzaa tena; hauonei huruma ya kijinga, maana anataka zabibu. Mwalimu vilevile hukemea, huamsha watu alfajiri, humwacha benchi mchezaji apendwaye na wote. Ukali si dhambi. Lakini mpogoaji mwema hujua mahali pa kukata, wala hakati shina ili apate mavuno ya msimu mmoja. Kipimo chake hakifichiki. Mchezaji wake bora akiumia siku mbili kabla ya fainali, atampumzisha? Mwanafunzi wake akipata mwalimu ampitaye kwa ujuzi, atamwachia aende, tena kwa baraka? Ajibuye ndiyo kwa maswali hayo mawili ameupenda mchezo kwa namna iwezayo kufunzwa.

Limebaki neno moja, nalo latuhusu sisi tusiosimama uwanjani. Tumezoea kuyasifu mapenzi ya walimu wa michezo, hasa wale wa shule za vijijini, ambao humaliza vipindi vya darasani kisha hushinda juani mpaka magharibi pasipo ujira wa ziada. Sifa hiyo yaweza kuwa hila. Tukisema kwamba fulani afanya kazi kwa mapenzi, mara nyingi maana yetu ni kwamba hatutaki kumlipa. Mcheza kwao hutunzwa; na mfunza kwao je? Jamii imwachayo mwalimu na njaa humfundisha kutafuta faida katika miili ya wanafunzi wake, kisha humlaumu aipatapo. Tukimtaka auache ushindi wake mlangoni, haki yatutaka tumpe riziki atakapokuwa ndani.

Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo aupendaye mchezo, naye akitamani kuufundisha siku moja, asiulize kwanza ameupenda kwa miaka mingapi. Na ajiulize kama aweza kufurahi kwa moyo mweupe siku ambayo kijana aliyemfunza atafika mahali ambapo yeye hakufika, na watu wakaliimba jina la kijana yule bila kulikumbuka la mwalimu. Akiona kwamba hawezi, hana aibu yoyote. Aendelee kucheza, au kutazama, maana hayo nayo ni mapenzi halali. Akiona kwamba aweza, watoto wanamngoja.