Muhtasari Hauandiki Kikohozi

Mtaani kwetu, ukishajulikana una mwandiko unaosomeka, ukatibu wa vikao vya misiba ni wako mpaka uzeeke. Ndivyo nilivyojikuta naandika mihtasari ya mirathi, ya kwetu na ya majirani, daftari likiwa juu ya goti. Kazi yenyewe ni ndogo. Unaorodhesha waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, mali zinazojulikana, na jina la anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kila mmoja anatia sahihi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Karatasi hiyo huambatanishwa na cheti cha kifo na kupelekwa mahakamani. Kwa wengi wa Dar es Salaam siku hizi, safari hiyo huishia Temeke, kwenye Kituo Jumuishi, ambako mashauri ya mirathi na ndoa husikilizwa kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu mahali pamoja.

Katibu ana bahati moja ambayo wajumbe wengine hawana: hategemewi kusema. Wenzake wanavizia zamu ya kuongea, yeye anatazama tu.

Lipo jambo lililonisumbua muda mrefu. Familia nyingi ninazoziandikia ni za Waislamu, na kwao mafungu yameshapangwa. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Mjane wa aliyeacha watoto ana thumuni yake. Hapo hapapigwi kura. Hata msimamizi hagawi kwa utashi wake. Yeye si mrithi mkuu, kama wengi wanavyodhani. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa, na kwenye Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kisha hesabu ya jinsi alivyogawa. Sasa kama mambo yako wazi hivyo, watu hugombea nini tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri inapita na wali unapoa?

Wanagombea kuhesabika. Nani alikuwa mtu kwa marehemu, nani alipigiwa simu kwanza alipozidiwa, nani alilala sakafuni wodini na khanga moja. Mambo hayo hayamo kwenye ajenda, kwa hiyo hupenyea kwenye ajenda iliyopo: mabati, kiwanja, jina la msimamizi.

Chukua kikao kimoja cha Tandika. Marehemu alistaafu bandarini, kiharusi kikamlaza, na binti yake wa mwisho ndiye aliyemgeuza kitandani, akamlisha uji na kumpeleka kliniki kwa bajaji. Siku ya kikao kaka mkubwa, aliyefika na basi kutoka Arusha, alikalia kiti cha baba yake akaongea kwa kirefu juu ya hati ya nyumba na kiwanja cha Chanika. Ndugu wa kati wakambishia. Binti alikuwa akiingia na kutoka na birika la chai. Alipoingia, sauti zilishuka, alipotoka, zikapanda. Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini. Kiwanja kikiwa kimepamba moto, binti alikuwa anammiminia baba mdogo chai, akauliza bila kumtazama mtu, "Na lile godoro la baba, mnalifanyaje?"

"Hilo dogo, tutaliona," kaka mkubwa akasema. Wakaendelea.

Shangazi mtu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu dua ya kuanzia, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, liache hilo birika. Njoo ukae hapa." Kisha akawauliza wanaume, mmoja baada ya mwingine, baba yao alikuwa akimeza dawa gani asubuhi. Hakuna aliyejua. Akamuuliza binti. Binti akazitaja zote na saa zake, akaongeza kwamba ile ya presha mzee alikuwa anaitema asipopewa pamoja na ndizi mbivu. Watu wakacheka. Kaka mkubwa naye akacheka, halafu akajipangusa uso kwa kiganja. "Mdogo wangu," akasema, "mzigo tulikuachia peke yako."

Haukupita muda, binti huyohuyo ndiye aliyempendekeza kaka yake awe msimamizi, kwa kuwa ndiye anayezijua ofisi. Kwenye daftari niliandika: "Wajumbe walijadili na kukubaliana." Kiwanja cha Chanika hakikuisha siku ile, na ndugu wa kati bado wana maneno nacho.

Ujuzi wa shangazi yule haufundishwi popote. Utotoni, wakubwa wakianza maongezi mazito tunaambiwa tukacheze nje, na anayechelewa kutoka anakatwa jicho. Ni malezi, yana sababu zake. Lakini matokeo yake mtu anaingia kikao chake cha kwanza cha kweli ana ndevu, ana shahada na watoto wawili, na hajawahi kuona watu wazima wakikosana na kupatana mbele ya macho yake. Anachokijua ni cha ofisini: mwenye hoja nzuri anashinda. Kwenye jamvi la msiba mwenye hoja nzuri aweza kushinda, na Idi ikifika asione wa kumtembelea.

Basi tunajifunzia ukubwani. Mimi hutazama macho kwanza. Mtu kabla hajajibu, humtupia jicho nani? Huyo anayetupiwa jicho ndiye mwenye kikao, hata kama mwenyekiti ni mwingine. Yule anayerudia kwamba yeye hana neno, humwachia nafasi ukurasani, maana neno lake litakuja kabla ya Fatiha. Wake za ndugu hawaulizwi kitu, lakini ukimsikia mume anatoa hoja kwa lugha ambayo si yake, jua ilishajadiliwa chumbani usiku. Na kuna kikohozi cha mzee, kile kikavu kisicho na mafua. Kwangu hicho ni pingamizi kamili, ingawa muhtasari hauna pa kukiandika.

Ila ujuzi huu una maradhi yake. Sisi watu wa pwani tumezoea mafumbo kiasi kwamba mgeni husomwa maandishi ya khanga yake kabla hajaitikiwa salamu. Wifi kajifunga alichokikuta juu ya sanduku, tayari ameshamtukana mtu. Nimeshuhudia kikao kikivunjika namna hiyo, na mwenye khanga hata hakujua imeandikwaje. Ndiyo maana namheshimu shangazi wa Tandika zaidi kwa alichokiacha bila kusema. Hakuwatangazia watu kwamba binti ana uchungu, wala kwamba kaka amejikweza. Huenda angekuwa amekosea. Aliuliza habari za dawa tu, akawaacha wajibu wenyewe.

Wapo pia wanaosoma watu vizuri kumshinda yeye, na kazi yao ni kungoja. Wanajua mjane hajalala tangu mazishi, wanajua saa ngapi kichwa kitaanza kumzunguka, na saa hiyo ikifika ndipo wanapomsogezea karatasi atie sahihi, kwa sauti ya upole na maji ya kunywa pembeni. Kwa watu hao huwa napata matatizo ya kalamu. Wino unaisha, au kuna jina nimelikosea na ukurasa mzima hauna budi kuandikwa upya. Mwenyekiti akiniuliza, namwambia muhtasari haujakamilika, tukutane Jumapili, na mama apumzike kwanza.