Hukumu ya Mwenye Kujifulia Silaha Nyumbani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mngu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, suala lililotujia ni hili: mtu akijifulia bunduki nyumbani mwake, kwa mali yake, wala hakuiba wala hakununua kwa magendo, je, ana dhambi? Na yule aliyemchorea namna ya kuifua, akampa bure, ana sehemu gani?

Sheria za silaha katika nchi nyingi zimesimama mlangoni. Serkali humwangalia mwenye kiwanda, na mwenye duka, na mwenye kuingiza shehena bandarini. Mnunuzi akaandikwa jina, na bunduki ikapigwa nambari. Kweli, wahunzi wa bara wamefua magobore tangu kale, lakini mhunzi ana moshi na nyundo, na mji mzima wamjua. Zamani hizi mlango umehama. Mwaka 2013 Cody Wilson, mtu wa Texas katika Marekani, alidhihirisha bastola ya plastiki, karibu yote, itokayo katika mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka kwa kufuata mchoro. Mchoro wenyewe akautia katika intaneti. Serkali yake ikamwamrisha auondoe, akauondoa. Lakini ulikuwa umekwisha kuchukuliwa mara zaidi ya 100,000 kwa siku mbili, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka 2020 ikatoka nyengine, FGC-9, iliyopangwa makusudi kwa watu wa nchi za Ulaya, ambako vipande vya bunduki haviuzwi ila kwa ruhusa. Wala si mashine hizi peke yake. Katika Japani, nchi yenye sheria kali mno, Abe Shinzo aliyekuwa waziri mkuu aliuawa mjini Nara mwaka 2022 kwa bunduki ya mabomba aliyoiunga mtu mwenyewe.

Wako wanaosema: basi sheria haina faida tena. Maneno haya si sawa. Mwaka 2019 mtu mmoja mwenye chuki alishambulia hekalu la Mayahudi mjini Halle, Ujerumani, kwa bunduki alizojifulia. Zikamkwama mara kwa mara, na mlango ukamshinda. Aliua watu wawili, na wawili si wachache. Lakini lau angalipata dukani silaha iliyotimia, wangalikufa wangapi? Taabu aliyoipata ni kazi ya sheria.

Tutazame sasa fikihi yetu. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba haisihi kumuuzia silaha kafiri aliye vitani nasi. Wenye kuisherehesha wakaeleza kuwa chuma si hivyo, kwani chuma hufuliwa jembe kama kinavyofuliwa upanga. Ila muuzaji akiwa na dhana yenye nguvu kuwa kitafuliwa silaha, ni haramu juu yake, ingawa biashara yasihi. Na zabibu kwa mwenye kukamua ulevi ni mfano huo huo. Basi mchoro ni chuma au ni silaha? Wamarekani nao wamefika hapa kwa njia yao: mwaka 2022 serkali yao ilihukumu kuwa sanduku la vipande viungikavyo upesi ni bunduki, na mahakama yao kuu ikaikubali hukumu hiyo mwaka 2025.

Kwa rai yangu mchoro u karibu zaidi na silaha. Muuza chuma amwona mnunuzi uso kwa uso, na aweza kumdhania kheri au shari. Mwenye kuutandaza mchoro kwa watu wote amejifumba macho kwa hiari yake, kisha asema, sikujua. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kupeana upanga uliochomolewa alani, hata baina ya marafiki! Mashine yenyewe ni halali, na kwayo hutengezwa mikono ya bandia ya viwete. Sisi Mashafii hatuharimishi kisu cha jikoni kwa sababu ya muuaji.

Lipo jambo zito zaidi. Baada ya jeshi kunyakua utawala wa Myanmar mwaka 2021, vijana waliopigana nalo walijifulia FGC-9. Na mchoro huo huo, katika Uingereza, wamefungwa kwa ajili yake watu wa chuki. Hukumu ya aliyedhulumiwa si jawabu la waraka huu, lakini asiitumie kuwa hoja mtu aketiye kwa amani.

Ama huyo, wanazuoni wetu wamesema katika mlango wa sala ya kuomba mvua kwamba mtawala akiamrisha la halali lenye maslaha ya watu wote, huwajibika kutiiwa kwa dhahiri na kwa siri. Wa baadaye wakalipima kwalo katazo la tumbaku. Na serkali tunazokaa chini yake kwa ahadi ya amani, ahadi ni ahadi. Basi mwenye kujifulia bunduki iliyokatazwa ana dhambi, ijapokuwa milango yake imefungwa na askari hajui. Na kijana aliyeletewa mchoro katika simu yake aufute, wala asimpelekee mwenziwe kwa mzaha. Wallahu aalam.