Hatukukusudia



Liko neno moja ambalo sote tumelitumia, wakubwa kwa wadogo: "Sikukusudia." Mtoto akivunja mtungi, husema hivyo. Mtu mzima akieneza habari isiyo ya kweli juu ya jirani yake, naye husema hivyo. Je, neno hili latosha kumaliza deni? Sisi tuliokaa darasani miaka mingi tumelifikiri sana swali hili, kwa sababu ya jani la mti na kwa sababu ya mtoto mmoja.

Tulianza kufundisha sayansi mwaka 1984, mara baada ya kutoka Chuo cha Ualimu. Somo la usanisinuru tulilipenda. Tulichora ubaoni jani, jua, mizizi na mishale yake. Tulisema kwamba mmea huvuta hewa ya ukaa, hubakiza kaboni ili kujitengenezea chakula, na oksijeni ya hewa hiyo huitoa nje, nasi tukaipumua. Siku moja binti wa darasa la sita alinyosha mkono. "Mwalimu, na yale maji yanayopanda kutoka mizizini, yana kazi gani?" Tukamjibu, "Yanasaidia tu. Keti." Wenzake wakacheka, naye akaketi. Muhula ule hakunyosha mkono tena.

Miaka kadhaa baadaye tulipata kitabu kizuri zaidi, tukakuta kwamba binti yule aliuliza swali lenyewe. Oksijeni inayotoka katika jani haitokani na hewa ya ukaa. Inatokana na maji.

Wataalamu walikwisha kulijua jambo hili zamani. Katika miaka ya 1930 Cornelis van Niel alichunguza bakteria fulani ambao hutumia mwanga kama mimea, lakini badala ya maji hutumia ile hewa inayonuka kama yai viza, iliyo na haidrojeni na salfa. Bakteria hao hawatoi oksijeni, huacha salfa. Akawaza: ikiwa hawa huchukua haidrojeni na kuacha salfa, bila shaka mmea huchukua haidrojeni ya maji na kuacha oksijeni. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko California, Marekani, waliupa mwani maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, ili waweze kufuata nyayo zake. Hewa iliyotoka ilifanana na maji yale, wala haikufanana na hewa ya ukaa.

Na kuyavunja maji si kazi ndogo. Mama akichemsha maji mpaka yakauke sufuriani hajayavunja, maana mvuke ni maji yale yale. Lakini jani hulifanya jambo hilo kimya kimya, bila moto. Mwanga unapoipiga klorofili, elektroni huondoka mahali pake, na pengo lile hutaka kujazwa. Humo ndani mna kifundo kidogo mno chenye atomu 4 za manganizi na 1 ya kalsiamu. Kifundo hicho huyanyang'anya maji elektroni moja moja, mpaka zitimie 4. Hapo molekuli 2 za maji huwa zimevunjika. Haidrojeni yake huingia katika kazi ya kutengeneza sukari pamoja na hewa ya ukaa, na atomu 2 za oksijeni hushikana na kutoka nje. Mmea haukuitafuta oksijeni hiyo. Ni kama makapi kwa mtu apepetaye mpunga.

Sasa tazameni. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, kama 21 ni oksijeni, nayo chanzo chake ni makapi haya. Mti haukutukusudia. Je, twapaswa kuusifu? Tukisema ndiyo, lipo jambo jingine la kukumbuka. Yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, bakteria walioweza kuyavunja maji walianza kuijaza dunia oksijeni, na kwa viumbe wengi wa wakati ule hewa hiyo ilikuwa sumu. Hata leo wako bakteria wanaoishi ndani ya matope tu, kwa kuwa oksijeni huwaua. Makapi yale yale yalikuwa uhai kwa wengine na mauti kwa wengine. Waliotoa hawakukusudia hili wala lile.

Kwa hiyo twaona kwamba mambo mawili yatenganishwe. Sifa na lawama hufuata nia. Mti hauna nia, basi hauna sifa wala lawama. Lakini kutunza na kutengeneza hufuata matokeo. Mti haukunuia kutupa pumzi, na bado pumzi ni pumzi, kwa hiyo atakayeukata ovyo hawezi kujitetea kwamba haukumpenda. Vivyo hivyo, mwalimu hakunuia kudanganya, na bado uongo umekwenda nyumbani na mtoto. Nia yake safi yampunguzia lawama. Haiusahihishi uongo.

Tena iko tofauti moja kati yetu na mti. Mti hautajua kamwe ulichokitenda. Sisi hupata kujua, na tangu siku ya kujua, "sikukusudia" hukoma kuwa udhuru. Tulipokisoma kitabu kile tuliwasahihisha wanafunzi tuliokuwa nao. Wale waliokwisha kuondoka tulijiambia kwamba hawapatikani. Ukweli ni kwamba hatukuwatafuta.

Mwaka jana, baada ya ibada ya Jumapili, mama mmoja alitujia uwanjani. "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitika marahaba, na tulipomtazama vema tukamtambua. Alikuwa yeye. Alituambia kwa furaha kwamba humsaidia mjukuu wake masomo ya sayansi, na kwamba amemweleza habari za jani kama tulivyomfundisha. Tukaona uzito wa makapi yetu: yalikuwa yamefika kizazi cha tatu.

Tulimwambia pale pale, tumesimama juani. Tulimwambia kwamba tulikosea, kwamba oksijeni hutoka katika maji, na kwamba siku ile tulimketisha kwa sababu jibu hatukuwa nalo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe swali langu halikuwa la kijinga."

Halikuwa. Na kulisema hilo kulituchukua zaidi ya miaka thelathini. Wapendwa, kila mmoja wetu anaye mtu aliyemketisha bila kukusudia. Akipatikana, aambiwe angali anaweza kusikia.